Kichupa cha unga cha PSMA kwa kamera ya gama: uhakiki kwa wanaofikiria kukijaribu Kampala

Uamuzi kwanza, ili mwenye haraka asisumbuke. Kitengo cha tiba ya nyuklia chenye kamera ya gama na jenereta ya teknesiamu (chombo ambacho chembe hiyo yenye mionzi hukamuliwa kwa maji ya chumvi) kikitaka kuanza kujaribu vionyeshi vipya vya saratani, kianze na kichupa cha unga cha PSMA, kinachoonyesha saratani ya tezi dume. Picha zake zinawatosha wagonjwa wetu wengi, mionzi anayoipata mgonjwa ni kidogo, na kukiandaa hakuhitaji mtambo wa mabilioni. Tunakipa alama 7 kati ya 10. Sehemu kubwa ya alama 3 zilizobaki inapotea katika saa moja na nusu hivi, tangu jenereta inapokamuliwa hadi sindano inapoingia kwenye mshipa.

Neno "kionyeshi" tumelichagua makusudi. Kitu hiki hakitibu. Kazi yake ni kwenda kujishika kwenye seli za saratani na kutoa mionzi ambayo kamera inaiona, basi. Ukikiita "dawa" mbele ya mgonjwa umeshampotosha. Tutarudi hapo.

PSMA ni protini inayokaa kwenye utando wa nje wa seli za tezi dume. Seli ikigeuka saratani, mara nyingi protini hiyo huongezeka maradufu kadhaa. Wakemia wakaunda molekuli ndogo inayoing'ang'ania protini hiyo kama kupe kwenye ngozi ya ng'ombe, kisha wakaipachika mkono wa pili wa kushika chembe yenye mionzi. Katika kichupa tunachokizungumzia mkono huo unaitwa HYNIC, na chembe ni teknesiamu-99m. Ripoti za kutumika kwake kwa binadamu zilitoka Meksiko mwaka 2017. Ndugu yake wa galiamu-68, anayepigwa picha kwa kamera ya PET, ambayo ni aina tofauti na ya gama, aliidhinishwa Marekani Desemba 2020.

Ndani ya kichupa mna unga mkavu mweupe: makumi machache ya mikrogramu za molekuli yenyewe, kloridi ya bati, trisini, EDDA na manitoli. Watengenezaji wanatofautiana kidogo katika vipimo, na baadhi hutenga EDDA au kimiminika cha kusawazisha asidi kwenye kichupa cha pili. Karatasi iliyomo kwenye boksi ndiyo sheria. Usichukue vipimo vya kampuni moja ukavitumia kwenye kichupa cha nyingine, hata kama majina yanafanana.

Kwa nini si galiamu au florini

Swali hili huulizwa kila mara, na jibu lake ni hesabu ya saa. Florini-18, nayo ya kamera ya PET, hupoteza nusu ya nguvu kila dakika 110. Itengenezwe Nairobi, ipimwe, ipakiwe, isubiri ndege, ishuke Entebbe, ipite forodha na kupanda mpaka hospitali ya Mulago ndani ya saa 4, na hiyo ni siku njema isiyo na msongamano barabarani: imebaki asilimia 22. Galiamu-68 ina dakika 68 tu, ila hutoka kwenye jenereta inayokaa hapohapo hospitalini, na jenereta hiyo hudumu kwa miezi kwa kuwa jemaniamu iliyomo ndani yake ina nusu-maisha ya siku 271. Ni mpango mzuri kwa mwenye kamera ya PET. Kwa mwenye kamera ya gama peke yake, haina msaada.

Teknesiamu-99m ina nusu-maisha ya saa 6, na mionzi yake ya kiloelektrovolti 140 ndiyo hasa kamera ya gama iliyoundiwa. Wafanyakazi wanaopiga picha za mifupa kila siku wanaijua tayari.

Shida yake iko juu zaidi, kwenye jenereta. Molibdenamu-99 inayoizaa hupungua nusu kila saa 66. Jenereta ikichelewa siku moja uwanja wa ndege umepoteza asilimia 22. Siku mbili, asilimia 40. Baada ya juma zima imebaki asilimia 17: iliyoanza na gigabekereli 20 (kipimo cha wingi wa mionzi) sasa ina 3.4. Kwa hiyo panga washiriki wa utafiti siku za mwanzo tangu jenereta ifike, na uuachie uchunguzi mdogo wa tezi ya shingo siku za mwisho. Kitengo kinacholeta jenereta mara moja kila majuma mawili, hiki si kionyeshi chake bado. Mapungufu hayo ya ratiba yataharibu takwimu zako hata kama kila picha ni safi.

Maandalizi, na pale yanapoharibika

Anza na jenereta. Ikikaa bila kukamuliwa tangu Ijumaa hadi Jumatatu, ndani yake hurundikana teknesiamu-99 iliyokwisha kupoa. Kikemia haina tofauti na ile tunayoitaka, kwa hiyo inagombania bati na molekuli zilizomo kichupani, na molekuli zenyewe ni chache mno. Kwa kichupa cha mifupa, chenye miligramu kadhaa za kishikizi, hutaona tofauti kubwa. Kwa kichupa hiki utaiona palepale. Ikamue alfajiri, weka pembeni maji hayo kwa kazi nyingine au yaache yapoe, kisha kamua tena. Baada ya saa 6 teknesiamu imerudi karibu nusu, na kilele hufika baada ya saa 23 hivi. Maji unayoyatumia yasizidi saa 2 tangu yatoke.

Pima molibdenamu iliyopenya kwenye maji hayo. Kikomo ni kilobekereli 0.15 kwa kila megabekereli ya teknesiamu, na ni kikomo cha wakati wa sindano, si cha wakati wa kukamua. Teknesiamu inapungua haraka kuliko molibdenamu, kwa hiyo kipimo kilichofaulu saa 2 asubuhi kinaweza kushindwa saa 9 alasiri. Pima na aluminiamu pia kwa karatasi ya rangi: ikizidi mikrogramu 10 kwa mililita, acha. Aluminiamu huzalisha chembechembe nzito zinazonaswa na ini.

Sasa kichupa. Kwa kawaida unaingiza mililita 1 ya kimiminika cha kusawazisha asidi, unazungusha polepole hadi unga uyeyuke wote, halafu unaingiza teknesiamu katika mililita 1 ya maji ya chumvi. Kila unapoingiza mililita moja, vuta nje mililita moja ya gesi kwa bomba lilelile. Kamwe usiingize hewa. Ndani ya kichupa mna naitrojeni kwa sababu bati linaliwa na oksijeni, na bati likishaliwa teknesiamu haishikani na kitu. Hili ndilo kosa linaloharibu vichupa vingi kuliko mengine yote, na hutokea kwa mtu mwenye uzoefu anayefanya haraka: amezoea vichupa vya mifupa vinavyovumilia.

Kisha moto. Karatasi nyingi zinataka nyuzi 95 hadi 100 za Selsiasi kwa dakika 15 hadi 20. Hapa watengenezaji wa nchi zilizo usawa wa bahari hawakutufikiria. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 96. Kabale, karibu mita 2,000, hata 94 hayafiki. Ukifuata maelekezo yanayosema "weka kwenye maji yanayochemka" ukadhani umefika nyuzi 100, umejidanganya. Tumia tofali la chuma la kupashia vichupa, lenye kipimajoto chake, na ulipime kwa kichupa cha majaribio chenye maji na kipimajoto ndani. Risasi inayokikinga kichupa nayo huchelewesha joto kwa dakika kadhaa. Anza kuhesabu dakika pale kilichomo ndani ya kichupa kinapofikia joto, si pale unapokitia.

Umeme ukikatika katikati ya dakika hizo 20, usikipashe tena kichupa hicho kwa matumaini. Kitupe kwenye taka za mionzi uanze kingine. Mtaalamu anayetaka kuokoa kichupa kimoja anaweza kuishia kumpa mzee aliyesafiri kutoka Arua sindano isiyo na maana, na mionzi juu yake. Betri ya akiba kwa tofali la kupashia ni kitu kidogo, na iwekwe kwenye bajeti ya utafiti tangu mwanzo.

Kiache kipoe dakika 10, kisha kromatografia, yaani kipimo cha usafi wa kilichomo. Unahitaji kanda mbili za kioo-nyuzi na vimiminika viwili. Cha kwanza ni methili ethili ketoni: teknesiamu huru hupanda nayo hadi juu, mengine hubaki chini. Cha pili ni asetonitrili na maji, nusu kwa nusu: chembechembe nzito hubaki chini, mengine hupanda. Jumlisha takataka hizo mbili. Zikizidi asilimia 10, kichupa hakitumiki. Weka tone dogo, sentimita moja na nusu kutoka chini, na hakikisha kimiminika kiko chini ya tone. Tone likizama, linayeyuka mtunginani na matokeo yanakuwa uongo mzuri. Mchanganyiko wa asetonitrili utengenezwe siku hiyohiyo kwa sababu hauvukizi sawasawa.

Tunasisitiza kromatografia kwa sababu moja kubwa. Katika uchunguzi wa mifupa, fundi mzoefu hutazama picha: akiona tezi ya shingo, tumbo na tezi za mate zinawaka, anajua kichupa kiliharibika. Kwa PSMA kinga hiyo haipo. Tezi za mate huwaka hata kichupa kikiwa safi kabisa, kwa kuwa zenyewe humeza kionyeshi hiki. Ini na wengu huwaka pia, kwa hiyo chembechembe nzito nazo hujificha mle. Tezi ya shingo na mfuko wa tumbo ndivyo mashahidi waliobaki, na wakati vinapotoa ushahidi mgonjwa ameshachomwa. Kanda mbili na dakika 20 ndizo zinazokulinda.

Kwa utafiti ongeza kipimo cha sumu za bakteria, kikomo kikiwa yuniti 175 kwa dozi nzima. Uotesheaji wa vijidudu huchukua siku 14, na teknesiamu haisubiri siku 14, kwa hiyo sindano hutolewa kabla ya majibu. Ndiyo maana mamlaka zinataka uandae kwanza vichupa 3 mfululizo, siku tofauti, bila mgonjwa yeyote, na vyote vipite kila kipimo. Viandaliwe kwa mikono ileile, chumba kilekile na jenereta ileile zitakazotumika.

Picha zenyewe

Dozi ya kawaida ni megabekereli 555 hadi 740, na picha nzuri huja baada ya saa 2 hadi 4. Mwili mzima hupata milisivati 3 hadi 5 hivi. Mionzi ya asili inayompata binadamu kwa wastani ni 2.4 kwa mwaka, kwa hiyo ni kama mwaka mmoja na robo hadi miwili ya kuishi tu. Figo ndizo zinazobeba mzigo mkubwa.

Ukubwa wa kidonda kinachoonekana ndiyo kasoro halisi ya bidhaa. Kamera ya gama, hata ikizunguka mwili, hutenganisha vitu vilivyoachana kwa milimita 8 hadi 12. PET hufika 4 hadi 6. Tezi ya limfu ya milimita 5 haitaonekana isipokuwa iwe inawaka sana. Mgonjwa aliyepasuliwa, PSA yake (kipimo cha damu cha tezi dume) ikaanza kupanda kidogo ingawa bado iko chini ya 1, atapigwa picha na kuonekana mzima, na si kweli. Muuzaji akikuambia kichupa hiki ni sawa na PET, mwulize kwa PSA ipi. Lakini wengi wanaofika Taasisi ya Saratani ya Uganda hawako hapo. Wanafika PSA ikiwa makumi au mamia, ugonjwa ukiwa umeshaingia mifupani, na swali la daktari ni umefika wapi na mgongo uko hatarini au la. Kwa swali hilo kichupa hiki ni kizuri, na mara nyingi kinasema mengi kuliko picha ya mifupa, ambayo huwaka kwa yabisi ya magoti na kwa mbavu zilizovunjika zamani.

Vitu vinavyodanganya: mafundo ya mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo hufanana na tezi za limfu, mbavu moja moja huwaka bila sababu, na mfupa unaounga huwaka. Kwetu ongeza kifua kikuu. PSMA huchipuka pia kwenye mishipa mipya ya damu ndani ya uvimbe wa maambukizi, na kifua kikuu cha uti wa mgongo kinaweza kufanana kabisa na saratani iliyosambaa. Karatasi ya ripoti iwe na mstari wa lazima: historia ya kifua kikuu, kikohozi, picha ya kifua. Bila mstari huo, utafiti wa Uganda unaiga wa Ulaya na kurithi upofu wake.

Kibofu nacho. Kionyeshi hutoka kwa mkojo na tezi dume iko chini ya kibofu palepale. Mgonjwa anywe maji kama lita moja baada ya sindano, akojoe kila baada ya saa moja, na akojoe tena dakika moja kabla ya kupanda mezani.

Kwenye kamera yenyewe hakuna geni: kichujio cha nishati ya chini, dirisha la kiloelektrovolti 126 hadi 154, kipimo cha usawa wa uwanja kila asubuhi. Kiyoyozi tu kisizimwe usiku ili kuokoa umeme. Fuwele ya kamera ikipata mabadiliko ya joto ya ghafla hupasuka, na hapo hakuna kionyeshi cha kujaribu tena.

Jinsi ya kukijaribu bila kupoteza mwaka

Kichupa kikiwa na sifa hizo, jaribio la awali lipangwe vipi? Maabara za nje zimeshafanya sehemu ya kwanza: seli za saratani za aina ya LNCaP zenye PSMA nyingi kulinganishwa na PC-3 zisizo nayo, kisha panya. Usizirudie. Dai ripoti zake kutoka kwa mtengenezaji. Kwa kuwa kiasi cha molekuli kwa mtu mmoja hakizidi mikrogramu 100, kinaingia kwenye kundi linaloitwa dozi ndogo sana, ambalo kimataifa linahitaji vipimo vichache zaidi vya sumu kuliko dawa ya kutibu.

Hatua yako ya kwanza kwa binadamu ni kujua kionyeshi kinakwenda wapi na kinakaa muda gani. Watu 6 hadi 10 wanatosha. Piga picha ya mwili mzima, mbele na nyuma, dakika 10 baada ya sindano, kisha saa 1, saa 3, saa 6 na saa 24. Mshiriki asikojoe kabla ya picha ya kwanza: jumla ya mionzi iliyomo mwilini wakati huo ndiyo asilimia 100 yako, na akikojoa umepoteza kipimo cha kugawia kila kitu kinachofuata. Pima bomba la sindano kabla na baada, kwa sababu kilichobaki humo hakikuingia mwilini. Tazama mkono uliochomwa kwenye picha ya kwanza. Doa kubwa pale lina maana sindano ilitoka nje ya mshipa, na mshiriki huyo hawezi kuingia kwenye hesabu za dozi.

Saa zote ziwe moja: ya kipimadozi, ya kamera na ya ukutani. Kosa la dakika 10 kwa teknesiamu ni asilimia 2, ambayo unaweza kuivumilia. Kwa galiamu lingekuwa asilimia 10. Hii ni sababu nyingine ya timu changa kuanza na teknesiamu.

Ya saa 24 ndiyo ngumu. Megabekereli 740 zimebaki 46 kwa kuoza peke yake, kabla hujatoa zilizokwenda na mkojo. Punguza mwendo wa meza, na uandike mwendo huo, kwani hesabu lazima irekebishwe. Meza ikienda sentimita 12 kwa dakika, mwili mzima unachukua dakika 15. Ongeza kumpanga mtu na kushuka, ni 25. Mara tano kwa mtu mmoja, pamoja na picha ya kuzunguka saa ya tatu, kamera imetekwa karibu saa 3. Panga washiriki wawili tu kwa siku, la sivyo wagonjwa wa kawaida wa mifupa wanarudishwa nyumbani. Mshiriki wa mbali alipiwe malazi ya usiku huo. Asipolipiwa hatarudi kesho, na utaishia na picha nne badala ya tano kwa walewale wanaotoka Gulu na Mbarara.

Baada ya hapo ndipo swali la "kinaona saratani au hakioni". Hapa tahadhari. Ukiwapiga picha watu 8 wenye saratani na wote 8 wakawaka, magazeti yataandika asilimia 100. Takwimu zinaruhusu ukweli uwe asilimia 63. Hata 20 kwa 20 inakuacha ukiweza kuwa 83. Na ukichagua wenye PSA ya mamia peke yao, chochote kitawaka. Chukua mchanganyiko, chukua na wanaume ambao biopsi yao (kinyama kilichokatwa na kupimwa) ilikuja safi, na wasomaji wawili wasome picha bila kujua majibu wala kuonana. Picha ya mifupa ya kulinganisha ipigwe ndani ya majuma machache, kabla ya kuanza kuzuia homoni za kiume, iwe kwa sindano au kwa upasuaji. Tiba hiyo hubadilisha wingi wa PSMA kwenye seli, na ukilinganisha picha ya kabla na ya baada unalinganisha wagonjwa wawili tofauti ndani ya mwili mmoja.

Vibali

Ni vinne: kamati ya maadili iliyoidhinishwa, Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, Mamlaka ya Taifa ya Dawa kwa jaribio na uingizaji, na Baraza la Nishati ya Atomiki, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2008, kwa mionzi. Anza na kamati ya maadili, lakini faili la Baraza la Atomiki liandaliwe sambamba. Jenereta uliyonayo ina leseni yake, na matumizi mapya yanahitaji kuandikwa.

Fomu ya ridhaa ndiyo inayotuumiza zaidi. Tafsiri nyingi huandika "dawa mpya ya saratani". Mzee anayesoma hivyo, au anayesomewa na mwanawe, anatia saini akitumaini kupona. Andika hivi: "Mzee wetu, sindano hii haitibu ugonjwa wako. Inatusaidia kuona ulipo. Huenda wewe mwenyewe usifaidike nayo, na ukikataa, matibabu yako hayabadiliki." Tafsiri ya Luganda, Kiacholi na Kilugbara zipitiwe na mtu asiye wa timu, kisha zirudishwe Kiswahili ili kuona neno "dawa" halikuingia tena kwa mlango wa nyuma.

Alama 3 tulizonyima, basi: moja ni kwa vidonda vidogo. Moja ni kwa maelekezo ya kupasha moto yasiyojali mwinuko, jambo ambalo mtengenezaji angelirekebisha kwa sentensi moja. Ya tatu ni kwa kanda na vimiminika vya kromatografia, ambavyo mara nyingi havimo kwenye boksi na huagizwa mbali na kichupa. Unapoagiza, dai vije pamoja, dai ripoti za panya, dai vichupa vyenye tarehe ya mwisho isiyopungua miezi 6, na uliza visafirishwe kwa nyuzi 2 hadi 8 mpaka mlangoni kwako, si mpaka Entebbe. Vichupa 3 vya kwanza vitatumika bila mgonjwa. Vihesabu kwenye oda.